Laptopu Ikifa Leo, Rekodi Zako Zitabaki Wapi?

Tuseme una nyumba nane za kupangisha Kitengela. Kodi inaingia kwa simu. Kila mwisho wa mwezi unapakua taarifa ya malipo, unaiweka kwenye laptopu ya nyumbani na kujaza kwenye Excel nani amelipa na nani bado. Siku moja stima inapotea na kurudi mara tatu ndani ya dakika tano, laptopu inakataa kuwaka, na fundi anakwambia diski imekufa.

Taarifa za malipo si shida sana, kwa sababu unaweza kuziomba kwetu tena. Kile ambacho sisi hatuna ni jedwali lako: dipoziti ya kila mpangaji, nani mlikubaliana alipe nusunusu, risiti za fundi wa mifereji. Na rekodi za ushuru, kisheria, unatakiwa kuzihifadhi miaka 5. KRA wakiuliza, "laptopu iliharibika" haitakusaidia.

Kwa hivyo weka nakala. Swali ni wapi.

Flashi ni rahisi na inatosha karatasi za biashara, lakini hupotea kama kalamu. Ukiona flashi ya ukubwa wa ajabu ikiuzwa bei ya kutupa, achana nayo. Nyingi husoma ukubwa usiokuwepo, na mafaili yanapotelea humo. Diski ya nje ni bora zaidi. Huhitaji kununua programu: Windows ina File History na Mac ina Time Machine, zote bila malipo.

Kosa tunaloliona sana ni kuacha diski hiyo imechomekwa kwenye laptopu siku zote. Mwizi akija anabeba vyote viwili. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa vitafunga ya diski pia. Chomeka, nakili, chomoa, weka mbali. Na mbali si droo ya meza ileile. Mto Athi ulipofurika mwaka 2024, kuna watu Kitengela waliolazimika kuokolewa kutoka majumbani mwao. Maji yakiingia hivyo, droo na meza zinalowa pamoja. Kama una dada anayeishi Kajiado mjini, mwachie flashi ya pili kila unapomtembelea.

Ama tumia hifadhi ya mtandaoni. Google Drive inakupa GB 15 bure, ingawa unazigawana na barua pepe na picha zako. OneDrive inakupa GB 5. Mamia ya PDF na majedwali hayafiki hata GB moja, kwa hivyo bando halitaisha. Video ya harusi ni hadithi nyingine, hiyo iache kwenye diski.

Ila jihadhari na jambo moja. Folda inayojilinganisha na mtandao yenyewe hufuata kila unachofanya. Ukifuta faili kwenye laptopu, linafutika kule pia, na baada ya siku 30 linaondoka hata kwenye pipa la taka. Ndiyo maana hatungeitegemea peke yake.

Kwa wateja wetu wengi, tungechagua diski ya nje kila Jumapili jioni, pamoja na folda moja ya mtandaoni ya karatasi za biashara tu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti hiyo, na ukibadilisha laini ya simu, badilisha nambari kule kwanza kabla ya kuitupa ya zamani. Wengi hufungiwa nje hapo.

Kisha ijaribu. Nenda kwenye kompyuta nyingine, hata ya jirani, ufungue faili la mwezi uliopita kutoka kwenye diski. Likikataa kufunguka, bado huna nakala.

Na tafadhali, PIN yako isiwe kwenye faili lolote kati ya hayo.