Ukumbi wa Nyumba ya Kupanga

Atakaye kufahamu kwa nini wapangaji wawili waliotengana miaka mingi huweza kukutana Dar es Salaam wakazungumza alasiri nzima kama watu wa tumbo moja, hana budi kwanza kuitazama nyumba yenyewe waliyokaa. Nyumba ya Kiswahili, iliyoenea Kariakoo, Ilala na Magomeni, ina baraza mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba kuume na kushoto, aghalabu vitatu kila upande, na nyuma yake ua wenye jiko, choo na bafu vya watu wote. Kila chumba hupangishwa peke yake, na kwa sababu hiyo watu wasiojuana asili wala nasaba hukusanyika chini ya paa moja.

Mji huu, ulioasisiwa na Sayyid Majid katika miaka ya 1860, umo katika nchi ya Wazaramo, na J. A. K. Leslie, ambaye kitabu chake juu ya Dar es Salaam kilitoka mwaka 1963, aliwakuta wao ndio wengi kuliko makabila mengine mjini. Mtu wa Kisarawe au Kibaha alikuja kutafuta kazi akiwa na shamba lake karibu. Lakini Mnyamwezi na Mngoni walikuwa mbali na kwao, na jamaa yao wa kwanza mjini alikuwa jirani wa chumba cha pili.

Ukumbi ndio uliofanya kazi kubwa ya kuwaunganisha majirani hao. Haupitiki bila salamu, na harufu ya mchuzi wa mmoja huwafikia wote. Mita ya umeme ikiwa moja, wapangaji huchangishana kununua umeme wa LUKU, na mwenye friji hudaiwa zaidi. Zamu ya kufagia ua hupangwa, ikavunjwa, ikasuluhishwa. Akifiwa mmoja, mkeka hutandikwa mlangoni kwake kabla jamaa zake hawajawasili. Mambo hayo madogo, yakirudiwa kila siku, huzaa haki na wajibu ambavyo hakuna mkataba wa kodi ulioviandika.

Nilielewa hayo nilipomsikiliza kwa makini sahibu yangu wa Janga, huko Kibaha, ambaye zamani tulipanga naye nyumba moja, siku tulipoketi Mnazi Mmoja kwa kahawa chungu na kashata.

“Za Janga, ndugu yangu?”

“Njema, bwana. Mihogo ipo. Haya, niambie, yule mama wa chumba cha uani hajambo?”

Akaendelea hivyo, chumba baada ya chumba, mpaka nyumba nzima ikaisha, ndipo akauliza habari za kazi yangu. Alinikumbusha pia alivyokuwa akijifaharisha bombani kwamba tunakunywa maji ya kwao. Na alisema kweli, kwa kuwa mtambo wa Ruvu Juu unaoleta maji mjini, uliojengwa mwaka 1959, uko Mlandizi, jirani na Janga.

Siku hizi twajenga maghorofa ambamo kila mlango una jiko na choo chake, kama yale ya Magomeni Kota yaliyozinduliwa mwaka 2022. Faida yake kwa afya na staha ya familia ni kubwa, nami siipingi hata kidogo. Lakini ngazi ya kupitia haitoshi kuwakutanisha watu. Nawasihi wasanifu na wenye viwanja waache, katika kila jengo la kupangisha, baraza moja yenye kivuli na ua mmoja wa wote, na gharama yake waihesabu tangu ramani ya kwanza.