Je, Wajua? Nani Alipokea Ripoti?

Je, wajua kwamba nesi anayetoka zamu hajamaliza kazi mpaka apeane ripoti? Hupita kitanda hadi kitanda na mwenzake anayeingia: huyu kajifungua saa tisa usiku, bado anavuja damu, yule hajapata dawa yake ya saa mbili. Likisahaulika neno hapo, anayeingia atalitoa wapi? Mgonjwa mwenyewe labda amelala.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, zinakopelekwa rufaa nzito za hospitali za Pumwani na Mama Lucy jijini Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kimakosa? Lebo za majina zilikuwa zimebadilishana. Aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni ni mwenzake, na saa kadhaa zilipita kabla ya madaktari kung'amua kwamba wanachotafuta hakimo.

Je, wajua kwamba utaratibu wanaofundishwa manesi wa kumpigia daktari simu ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani? Una hatua nne: hali ilivyo, ilikotoka, unavyoiona, unachotaka. Chukua kliniki ya mtaa wa Kayole inayoipigia Hospitali ya Mama Lucy: "Mama ana mimba ya wiki 36, presha 170 kwa 110, kichwa kinamuuma. Mwezi jana presha ilikuwa sawa. Naona dalili za kifafa cha mimba. Tunamleta sasa, tayarisheni daktari." Nusu dakika tu. Linganisha na "kuna mama hapa hajisikii vizuri".

Je, wajua kwamba hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa kati ya hospitali 8 duniani zilizoijaribu orodha ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani? Matokeo yalitoka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha yenyewe haina maajabu. Inataka, pamoja na mengine, kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla ya kisu.

Na je, wajua kwamba wewe mama pia ni mpeana ripoti? Mtoto huchanjwa BCG Pumwani siku za kwanza, lakini chanjo ya wiki 6 huenda akaipata mtaani Dandora, kwa nesi asiyemjua kabisa. Atakachosoma ni kile kijitabu cha mama na mtoto. Ukihama ploti, kitoe kwanza, kabla ya sufuria.