Kuhifadhi Vitambaa vya Mfarishi Katika Nyumba za Baridi

Mwanamke ashonaye mfarishi wa viraka hanunui kitambaa chake chote siku moja. Leo hupata mabaki ya drili kwa fundi wa cherehani. Mwezi ujao hupata kanga iliyochakaa pindoni, lakini katikati yake ingali nzima. Na mahindi yakiisha kuuzwa hununua yadi chache za amerikani kwa upande wa chini. Yaweza kupita miaka miwili kabla vipande havijatosha, na muda huo wote mali hiyo hulala sandukuni. Katika nchi za juu kama Limuru, Kinangop na Molo, zilizo zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari, mara nyingi sanduku hufunguliwa na vitambaa vikaonekana vina madoa meusi na harufu ya udongo.

Watu husema ni baridi iliyoviharibu. Sivyo. Baridi peke yake haidhuru pamba wala sufu. Kinachodhuru ni maji yaliyomo hewani. Hewa ya joto hubeba maji mengi, nayo ikipoa huyaacha. Jioni moto wa jikoni na pumzi za watu huijaza nyumba mvuke. Usiku bati la paa hupoa upesi, na mvuke hugeuka kuwa matone upande wa ndani. Sanduku la bati lililosukumwa hata likagusa ukuta wa mawe hupatwa na mambo yayo hayo. Hata Kiswahili kimeviweka viwili hivi pamoja, kwa maana ukungu ni ule ufunikao mabonde mwezi wa Julai, na ukungu pia ni ule uotao juu ya nguo.

Tena kitambaa kinachoonekana kikavu si kikavu kabisa. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba maji yapatayo sehemu 8 katika 100 za uzito wake, na sufu hubeba karibu mara mbili ya hayo. Kwa hiyo yafaa vitambaa vifuliwe, vianikwe siku ya jua kali, vipigwe pasi, kisha viachwe vipoe kabla ya kukunjwa. Anayevifungia vingali na joto la pasi hufungia na mvuke wake. Wanga usitiwe, kwa kuwa mende na yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha huupenda sana.

Sanduku liinuliwe juu ya mbao au matofali, nalo liwe mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Lisiwekwe chini ya bati lisilo na dari. Ghala ya mahindi haifai hata kidogo: nafaka isiyokauka vema hutoa unyevu, panya hawakosi, na dawa inyunyizwayo kwenye mahindi si ya kugusa nguo za kulalia. Mfuko wa nailoni huzuia vumbi, lakini ukifungwa kabisa huzuia na unyevu usitoke. Mfuko wa amerikani iliyofuliwa ni bora. Sanduku la mwerezi ni zuri, ila mafuta ya mti huo hutia madoa, basi litandikwe kitambaa kwanza.

Njia rahisi ya kupima hewa ni kuweka chumvi kidogo katika kisahani ndani ya sanduku. Chumvi ikilowa, unyevu umezidi, na vitambaa vitolewe nje siku ya kwanza ya jua.

Nondo ni habari nyingine. Kiwavi chake hula sufu, si pamba safi, na hupenda hasa palipo na jasho au mafuta. Baridi ya Kinangop humfanya awe mzito tu, haimwui. Wengi hutumia vile vidonge vyeupe vya naftalini, na hapa yapasa kuangalia sana. Ni sumu kwa mtoto avimezaye, na watoto wachanga wamepata kuharibika damu kwa kufunikwa nguo zilizowekwa pamoja navyo, hasa wale waliozaliwa na udhaifu fulani wa damu ambao ni wa kawaida katika nchi za malaria. Kwa mfarishi wa mtoto visitumiwe kabisa. Kukung'uta na kuanika kila mwezi kwafaa zaidi, maana nondo hupenda giza na mahali pasipoguswa.

Kitambaa kilichokwisha kuota ukungu kisikung'utwe ndani ya nyumba, kwa kuwa vumbi lake hudhuru kifua. Kianikwe nje mpaka kikauke kabisa, kisuguliwe kwa brashi huko huko, ndipo kifuliwe kwa sabuni na maji ya moto kama rangi yake yastahimili. Doa jeusi lililoingia ndani ya nyuzi kwa kawaida halitoki. Lakini likikatwa, sehemu iliyobaki yaweza kutosha kiraka kimoja au viwili.