Dau linanoga, ila mshahara ndiyo mkataba

Dar es Salaam. Dirisha la usajili likifunguliwa, stori mtaani huwa ni moja tu: kasaini kwa bei gani? Mashabiki wanabishana kuhusu dau, mameneja wanavutana kuhusu dau, na mchezaji naye akili yote iko kwenye dau. Kurasa nyingine za mkataba zinasainiwa bila kusomwa.

Piga hesabu kidogo. Chukua beki anayepewa dau la Sh10 milioni na mshahara wa Sh800,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka miwili. Mishahara ya miezi 24 ni Sh19.2 milioni, karibu mara mbili ya dau lililomtoa udenda. Ikipigwa panga miezi sita tu, ameshapoteza Sh4.8 milioni, karibu nusu ya dau lenyewe.

Ndiyo maana wanasheria wa soka wanasema mchezaji ni mwajiriwa kama alivyo karani au dereva. Tofauti ni kwamba ofisi yake ina nyasi, na muda wake wa kazi ni mfupi.

KABLA HUJAMWAGA WINO

Kwa kanuni za Fifa, mkataba wa mchezaji wa kulipwa lazima uwe wa maandishi. Unaanza siku unapoanza kutumika hadi angalau mwisho wa msimu, na hauzidi miaka mitano. Aliye chini ya miaka 18 mwisho wake ni miaka mitatu.

Klabu pia hairuhusiwi kuufunga mkataba na matokeo ya vipimo vya afya. Vipimo vifanyike kwanza. Wakishasaini, hakuna habari ya "goti lako tumeliona bovu".

Angalia kama mshahara ulioandikwa ni kabla ya makato au ni unaoingia mfukoni. Angalia tarehe ya kulipwa. Posho ya ushindi, nyumba na tiketi ya kwenda likizo, kama uliahidiwa, viandikwe. Ahadi ya bosi aliyoitoa kwa simu usiku wa manane haina ushahidi. Halafu ondoka na nakala yako. Wapo wanaocheza msimu mzima huku mkataba uko kwenye droo ya katibu au kwa meneja.

MAKATO NA MAJERAHA

Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Kwa beki wetu wa Sh800,000 ni Sh160,000 kila mwezi, yeye akikatwa Sh80,000. Kwa miaka miwili inakuwa Sh3.84 milioni. Kukatwa siyo kupelekewa, hivyo ulizia NSSF mapema kama michango inaingia. Usisubiri ustaafu.

Kuna na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huu anauchangia mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na kazi yake ni matibabu na fidia kwa anayeumia akiwa kazini. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kugombea mpira na mabeki wa kazi, hilo ni la kuulizwa kabla goti halijatenguka.

Kwa wanasoka wa kike, tangu Januari 2021 Fifa inataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 yenye malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Mimba siyo sababu ya kuvunjiwa mkataba.

MSHAHARA USIPOINGIA

Hapa ndipo wengi wanapopigwa bao. Mwezi wa kwanza wanaambiwa "vumilia kijana, mdhamini hajaweka". Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu mchezaji anagoma mazoezi au anapanda basi kwenda kwao, na klabu inamgeuzia kibao kwamba ametoroka kazini.

Kanuni ya Fifa iliyoanza 2018 iko wazi: usipolipwa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia klabu barua ya kudai na kuipa siku zisizopungua 15. Zikipita kimya, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Inaanza barua, kuondoka kunafuata. Mzawa, ambaye shauri lake huanzia TFF, ahakikishe kipengele hicho kimeandikwa kwenye mkataba wake. Mgeni anaweza kwenda Fifa moja kwa moja. Klabu zinazofungiwa kusajili kwa sababu ya madeni mara nyingi zimebanwa na wageni waliotunza karatasi zao.

Bila sababu halali, pesa peke yake haikutoi. Desemba 2022, Feisal Salum 'Fei Toto' aliirudishia Yanga Sh112 milioni akiamini kamaliza mkataba. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Jangwani. Alikaa bila kuichezea klabu hadi Juni, klabu zilipokubaliana akaenda Azam FC. Kama hilo linamkuta staa wa Taifa Stars, kinda wa timu inayopigania kutoshuka daraja afanye nini peke yake?

Asiwe peke yake. Chama cha wachezaji, Sputanza, kipo kwa kazi hiyo. Mwanasheria wa kusoma kurasa chache anagharimu kidogo kuliko mshahara wa mwezi mmoja usiolipwa. Na saa inakimbia: madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yakipelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), muda ni siku 30. Fifa inatoa miaka miwili, baada ya hapo mlango unafungwa.

Dau hulipwa mara moja na likaisha kwa gari na sherehe. Mshahara ndio unaolipa kodi ya nyumba na ada ya watoto. Dirisha lijalo, kabla hujauliza "bei gani?", uliza "unalipwa tarehe ngapi, na imeandikwa wapi?"