Akaunti Isiyo na Mwenyewe: Tufanyeje Mfumo wa Kuingia Mara Moja Unapokwama?

Ni saa tisa usiku. Mtaalamu wa maabara amemaliza kupima potasiamu katika damu ya mgonjwa na kupata milimoli 6.8 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban 3.5 hadi 5.0. Kiwango hicho chaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha. Majibu yanapaswa kumfikia daktari mara moja. Lakini kila anapojaribu kuingia katika mfumo wa kompyuta wa hospitali, ukurasa wa kuingilia unagoma kufunguka. Pembeni mwa kompyuta kumebandikwa kikaratasi chenye jina la akaunti inayotumiwa na mashine ya maabara, pamoja na nywila yake. Anaitumia, anaingiza majibu, kisha anaendelea na sampuli zinazosubiri.

Asubuhi inabainika kwamba majibu yale yameingizwa katika faili la mgonjwa mwingine mwenye jina linalofanana. Daktari anataka kumpata aliyeyaingiza ili ahakikishe sampuli ilikuwa ya nani. Mfumo unamjibu kwa neno moja tu: “maabara”.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wahudumu wengi wa afya watautambua. Makala haya yanaeleza kwa nini njia ya mkato ya namna hii huleta hatari kwa mgonjwa na kwa mhudumu mwenyewe, na ni maandalizi gani yanayoweza kuiondolea ulazima.

Kuingia mara moja na akaunti ya huduma

Katika hospitali kubwa, mhudumu mmoja huhitaji programu nyingi katika zamu moja: faili la mgonjwa, majibu ya maabara, picha za mionzi, duka la dawa na malipo. Kama kila programu ingekuwa na nywila yake, angelazimika kukumbuka nywila tano au sita, na yamkini angeziandika ukutani. Mfumo wa kuingia mara moja uliwekwa ili kuondoa adha hiyo. Mhudumu hujitambulisha mara moja mwanzoni, na programu nyingine zote humpokea kwa utambulisho huohuo.

Akaunti ya huduma ni kitu tofauti kabisa. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu, bali kwa ajili ya programu inayozungumza na programu nyingine. Mashine ya kupima damu huitumia kupeleka majibu kwenye faili la mgonjwa. Programu ya hospitali huweza kutumia akaunti kama hiyo kupeleka takwimu za kila mwezi katika DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania na Kenya. Kwa kuwa programu haina simu ya kupokelea namba ya uthibitisho, akaunti hiyo aghalabu haipiti katika mfumo wa kuingia mara moja wala katika uthibitisho wa hatua mbili. Ndiyo maana huendelea kufanya kazi wakati akaunti za watu zimekwama, na ndiyo maana inashawishi.

Kwa nini mlango huu hukwama

Sababu ya kwanza ni mtandao. Programu zote zikitegemea seva moja ya utambulisho, kukatika kwa mawasiliano na seva hiyo huwafungia nje watumiaji wote kwa pamoja, hata kama programu zenyewe ni nzima.

Sababu ya pili ni saa, na wengi hawaitegemei. Taasisi nyingi hutumia utaratibu uitwao Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani na kuingizwa katika Windows tangu toleo la mwaka 2000. Utaratibu huu humpa mtumiaji tiketi yenye muda maalumu, na kwa kawaida haukubali tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya saa ya kompyuta yake na saa ya seva. Umeme ukikatika, na betri ndogo inayolinda saa ndani ya kompyuta ikiwa imekufa, kompyuta huweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Mhudumu huambiwa hatambuliki ingawa nywila yake ni sahihi. Tiba ya tatizo hilo ni betri mpya na kurekebisha saa. Kuazima akaunti hakulitibu.

Sababu ya tatu ni utambulisho usio wako. Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, aliyemaliza zamu huweza kufunga dirisha la programu bila kujiondoa katika mfumo. Anayemfuata hufungua programu na kupokelewa kwa jina la mwenzake. Hapa mfumo haukumfungia mtu nje, bali umemwingiza ndani kwa jina lisilo lake, jambo ambalo ni vigumu zaidi kuligundua.

Madhara ya kuazima akaunti ya mashine

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Faili la mgonjwa nalo lina daftari lake, yaani kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha nani amefungua, nani ameandika na saa ngapi. Akaunti ya pamoja huacha daftari hilo likiwa na tarehe na saa, lakini bila jina la mtu.

Kwa mgonjwa, jina hilo ni sehemu ya matibabu. Muuguzi anayekuta dozi imeandikwa kuwa imetolewa, lakini hajui imetolewa na nani, hana wa kumuuliza kama kweli mgonjwa aliimeza. Akirudia, mgonjwa huenda akapata dozi mbili. Asiporudia, huenda akakosa hata moja.

Kwa mhudumu, jina lake ni kinga. Kosa likitokea, aliyetumia akaunti yake huweza kuonyesha alichofanya na alichokikuta. Waliotumia akaunti ya pamoja hubaki wakitiliwa shaka wote, na aghalabu lawama humwangukia mdogo kuliko wote katika zamu, hata kama hakuhusika.

Yapo pia madhara ya kiufundi. Mifumo mingi hufunga akaunti ambayo nywila yake imekosewa mara kadhaa. Mtu akiikosea nywila ya akaunti ya huduma usiku, anaweza kuifunga bila kukusudia, na mashine iliyokuwa ikiitegemea ikaacha kupeleka majibu ya wagonjwa wote. Zaidi ya hayo, akaunti hizi mara nyingi hupewa ruhusa pana, na nywila zake hukaa miaka bila kubadilishwa kwa kuwa kila badiliko hulazimu kurekebisha mashine zinazoitumia. Mfanyakazi akihama, akaunti yake hufungwa, lakini nywila ya pamoja huondoka naye kichwani.

Mafunzo kutoka Ureno na Uholanzi

Mwaka 2018, mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ureno iliitoza hospitali ya Barreiro-Montijo faini ya euro 400,000. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba mfumo wake ulikuwa na akaunti 985 zenye ruhusa za daktari, ilhali madaktari walikuwa 296. Akaunti za ziada zilikuwa milango iliyoachwa wazi bila mtu wa kuilinda.

Mwaka uliofuata, hospitali ya Haga mjini The Hague ilitozwa euro 460,000, kiasi ambacho baadaye mahakama ilikipunguza. Makumi ya wafanyakazi walikuwa wamefungua faili la mgonjwa maarufu bila sababu ya kitabibu. Hospitali ililaumiwa kwa kutokagua kumbukumbu zake vya kutosha na kwa kutotumia uthibitisho wa hatua mbili ipasavyo. Hata hivyo, kisa hicho kiliweza kufuatiliwa kwa sababu kulikuwa na majina ya kufuatilia. Kama wote wangetumia akaunti moja ya wodi, mgonjwa yule asingejua kamwe nani alimchungulia.

Marekani ilichukua njia inayostahili kuangaliwa. Kanuni zake za usalama wa taarifa za afya, zilizotangazwa mwaka 2003, zinadai kila mtumiaji awe na utambulisho wake pekee. Kanuni hizohizo, katika kifungu kilekile, zinadai pia kuwepo kwa utaratibu wa kupata taarifa wakati wa dharura. Masharti hayo mawili yaliwekwa pamoja kwa sababu moja haliwezi kusimama bila lingine. Ukimkataza mhudumu kuazima akaunti bila kumpa njia ya dharura, unamtaka achague kati ya kanuni na mgonjwa, naye atamchagua mgonjwa.

Njia iliyo salama

Kwa hiyo maandalizi ni wajibu wa taasisi kabla ya kuwa wajibu wa mtu mmoja mmoja. Kabla ya hitilafu, kitengo cha TEHAMA kitengeneze akaunti chache za dharura ambazo hazitegemei mfumo wa kuingia mara moja, kila moja ikiwa na namba na ruhusa zenye mipaka. Nywila zake zifungwe katika bahasha zenye lakiri na kutunzwa na msimamizi wa zamu. Anayefungua bahasha aandike jina lake, saa na sababu katika daftari, na nywila hiyo ibadilishwe baada ya kutumika. Bahasha hizi zinatoa kile ambacho kikaratasi cha ukutani hakiwezi kutoa: mlango wa dharura wenye jina la aliyeupita.

Wakati wa hitilafu, mhudumu afanye mambo yafuatayo:

1. Aangalie tarehe na saa ya kompyuta, na jina la mtumiaji linaloonekana kwenye skrini. Jina likiwa la mwenzake, ajiondoe kabisa katika mfumo, asifunge dirisha tu.

2. Amtaarifu msimamizi wa zamu na mtaalamu wa TEHAMA aliye zamu, na aandike saa tatizo lilipoanza.

3. Majibu ya hatari yasisubiri kompyuta. Ampigie simu daktari au muuguzi, ataje jina na namba ya hospitali ya mgonjwa, kisha amwombe anayepokea ayaandike na kumsomea tena. Wote wawili waandike majina yao na saa.

4. Atumie fomu ya karatasi iliyoandaliwa, yenye jina la mgonjwa, namba yake, dawa, dozi, njia ya kutoa dawa, saa, na jina na saini ya mhudumu.

Baada ya hitilafu, taarifa za karatasi ziingizwe katika mfumo kwa akaunti binafsi ya anayeziingiza, zikionyesha saa halisi ya tukio na kwamba zimeingizwa baadaye. Mtu wa pili azilinganishe na fomu. Mtaalamu wetu wa maabara angefuata njia hii, namba ya hospitali ingesomwa kwa sauti kwenye simu, na yamkini kosa la majina lingegunduliwa usiku uleule.

Pale ambapo akaunti ya huduma inahitajika kweli

Kuna wakati mtaalamu wa TEHAMA huhitaji kuingia kwa akaunti ya huduma, kwa mfano kuchunguza kwa nini takwimu hazifiki. Hapo mfumo wa kuingia mara moja humzuia kwa namna nyingine: kila anapofungua ukurasa, kivinjari humwingiza kwa jina lake mwenyewe. Hapana haja ya kuuzima mfumo kwa watu wote. Afungue dirisha la faragha la kivinjari au atumie wasifu tofauti, ambao haujabeba utambulisho wake. Afanye hivyo kwa idhini iliyoandikwa, aandike alichofanya, asiguse taarifa za mgonjwa, na nywila ibadilishwe amalizapo. Akaunti yenyewe ipewe ruhusa za kazi yake tu. Iliyotengenezwa kupeleka takwimu isiweze kufungua mafaili.

Neno kwa mgonjwa

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na ipo Tume inayosimamia utekelezaji wake. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Unayo haki ya kuuliza taarifa zako zinatunzwaje na zimetumiwaje. Swali hilo litajibika tu endapo kila aliyezigusa alitumia jina lake.

Vilevile, ukimwona muuguzi anaacha kompyuta na kuandika kwenye fomu, usidhani huduma imerudi nyuma. Mtajie jina lako kamili na namba yako, hata kama amekuuliza mara mbili. Anaweka jina lake na lako katika daftari moja, na hicho ndicho kinachokulinda.

Hitimisho

Mifumo ya kompyuta itaendelea kukwama, kwa sababu umeme, mitandao na saa hukosea. Swali la kujiuliza katika kila wodi ni hili: leo usiku ukurasa wa kuingilia usipofunguka, bahasha iko wapi, fomu ziko wapi, na namba ya kupiga ni ipi? Pasipo na majibu, kikaratasi cha ukutani kitabaki kuwa msaada pekee. Majibu yakiwepo, kinaweza kubanduliwa leo, na nywila iliyoandikwa juu yake ikabadilishwa.