Maharage ya Mbeya na Mtihani wa Sayansi

Je, ndugu msomaji, uliacha shule kabla ya kumaliza sekondari? Usidhani mlango umefungwa. Hapa Tanzania upo Mtihani wa Maarifa, unaotolewa na Baraza la Mitihani. Ukifaulu, unaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Wengi wanaojiandaa huogopa sayansi. Basi huchukua maswali ya miaka iliyopita na kukariri majibu yake usiku kucha, kama kasuku. Maswali ya zamani ni mazuri. Lakini swali likibadilishwa maneno mawili tu, aliyekariri hukwama.

Tujaribu swali moja. Kwa nini maharage huchelewa kuiva Mbeya kuliko Dar es Salaam? Funika gazeti kwanza, ujibu.

Wengi husema, "Mbeya kuna baridi." Jibu hilo halitoshi. Chungu kiko juu ya moto, na maji yanachemka. Baridi ya nje haiyazuii kuchemka. Sababu ni hii. Dar es Salaam iko pwani. Huko maji huchemka yakifika nyuzijoto 100. Mji wa Mbeya uko juu, kama meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Hewa nyepesi hukandamiza maji kidogo tu, kwa hiyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzijoto 94 hivi. Maharage ya Mbeya yanapikwa kwa maji yenye joto pungufu. Ndiyo maana huchelewa.

Swali la pili linatoka humo humo. Maji yakisha kuchemka, ukiongeza kuni yatakuwa moto zaidi? Hapana. Katika chungu cha kawaida joto la maji litabaki pale pale. Moto wa ziada hugeuza maji kuwa mvuke, basi. Na kuni hizo umezibeba kichwani kutoka mbali!

Sasa funua chungu. Chini ya kifuniko kuna matone. Yametoka wapi? Mvuke umegusa kifuniko ambacho hakina joto kama lake, ukageuka kuwa maji tena. Chungu kimoja kimekupa maswali matatu.

Jizoeze hivi. Soma swali, kisha funga kitabu. Mweleze jirani yako jibu kwa sauti. Mwambie akuulize "Kwa nini?" mara mbili. Pale utakaponyamaza ndipo pa kurudi kusoma.

Liko jambo moja gumu. Maswali ya sayansi katika mtihani huu huandikwa kwa Kiingereza. Kwa mtu mzima aliyekaa miaka mingi bila shule, mimi naona huo ni mzigo mkubwa kuliko sayansi yenyewe. Usianze na maneno ya kigeni. Elewa jambo kwa Kiswahili kwanza. Kisha chora mstari katikati ya daftari lako. Upande mmoja andika neno la Kiswahili, upande wa pili la Kiingereza. Maneno matano kwa siku yanatosha.

Swali la leo ni hili. Siku mbili zina jua sawa, lakini moja ina upepo. Nguo ulizoanika hukauka upesi siku yenye upepo. Kwa nini? Andika jibu lako kwa mistari mitatu kabla hujazianua.