Virusi vya Zika na Mtoto Aliye Tumboni

Mwaka 1947, wachunguzi wa homa ya manjano katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda, walipata virusi vigeni katika damu ya kima. Virusi hivyo huenezwa hasa na mbu wa jamii ya Aedes, ambaye huuma mchana. Wengi walioambukizwa hawahisi lolote. Wengine hupata homa ndogo, vipele na macho mekundu.

Lakini katika mama mjamzito, virusi huweza kupenya kondo la nyuma na kuua chembe hai zinazojenga ubongo wa mtoto. Fuvu, ambalo hukua kwa kuufuata ubongo, hubaki dogo. Hayo yalidhihirika Brazili mwaka 2015. Chanjo iliyoidhinishwa bado haijapatikana. Basi maji yaliyotuama nyumbani yamwagwe, na mjamzito ajikinge na mbu hata mchana.